Mambo ya Mji Wetu Huamuliwa Wapi? Mwamini Mlei na Baraza la Madiwani



Miji ya Njombe, Mbulu, Mbinga, Bunda na Ifakara inafanana katika jambo moja: kila mmoja ni makao ya Askofu wa Jimbo Katoliki, na wakati huohuo ni makao ya Halmashauri ya Mji. Waamini wanaokusanyika Dominika kuizunguka Altare ya Bwana ndio haohao wanaokutana Jumatatu sokoni, katika foleni ya zahanati na kwenye mikutano ya wazazi shuleni. Wengi wao wanafahamu vema jinsi Halmashauri ya Walei ya parokia inavyofanya kazi. Lakini ukiwauliza ni nani aliyepanga ushuru wa kizimba, au choo cha soko kimefungwa kwa uamuzi wa nani, jibu huwa moja tu: “Serikali.” Neno hilo ni pana mno. Asiyejua mlango wa kubisha hubaki kunung’unika barazani kwake, na manung’uniko hayajengi zahanati.

Makala hii inalenga kueleza kwa ufupi shughuli za kila siku za Halmashauri ya Mji hapa Tanzania, na kwa nini Mafundisho Jamii ya Kanisa yanamtaka mwamini mlei asizipuuze.

Halmashauri ya Mji ni nini?

Serikali za Mitaa zimewekwa na Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania katika Ibara ya 145 na 146, na lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa upande wa miji, utaratibu wake umefafanuliwa katika Sheria Na. 8 ya mwaka 1982. Chombo cha juu cha maamuzi ni Baraza la Madiwani. Humo wamo madiwani waliochaguliwa kutoka kila kata, madiwani wanawake wa viti maalumu, na mbunge wa eneo husika. Madiwani humchagua Mwenyekiti miongoni mwao. Mkurugenzi wa Mji, ambaye ni mteule wa Rais, ndiye mtendaji mkuu na katibu wa Baraza. Chini yake wako wakuu wa idara na watumishi wengine.

Ni vema kuzitofautisha kazi hizi mbili. Madiwani huamua na kusimamia. Mkurugenzi na wataalamu wake hushauri na kutekeleza. Diwani hana mamlaka ya kuagiza fedha zitolewe benki, na Mkurugenzi hana mamlaka ya kujitungia sheria ndogo. Pale kila upande unapotimiza wajibu wake na kuuheshimu wajibu wa mwenzake, mji hupata maendeleo. Pale pande hizi mbili zinapogombana, au zinapopatana katika kula njama, anayeumia ni mwananchi.

Baraza hukutana katika mikutano ya kawaida kila robo mwaka, na katikati yake zipo kamati za kudumu, ikiwemo Kamati ya Fedha inayokutana kila mwezi. Mikutano ya Baraza huwa wazi kwa wananchi. Anayehudhuria kwa mara ya kwanza huenda akachoshwa: makabrasha mazito, majedwali ya mapato na matumizi, taarifa za kata moja baada ya nyingine, majibu ya hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Lakini katika majedwali hayo yamo maisha ya watu. Mstari mmoja wa tarakimu ni dari la darasa. Mstari unaofuata ni kitanda cha mama mjamzito.

Safari ya hoja moja

Tuchukue mfano wa jambo dogo. Choo cha soko kimejaa na kimefungwa. Akina mama wanaouza mboga hukaa hapo tangu alfajiri hadi jioni, na kila siku hulipa ushuru. Wafanye nini?

Hoja yao huanzia kwenye Mtaa. Mkutano wa wakazi wa Mtaa, ukiongozwa na Mwenyekiti waliyemchagua wenyewe, hupokea kero na kuibua vipaumbele. Kutoka hapo hoja hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo Diwani ni mwenyekiti na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Kata huchambua, hupanga kipi kitangulie, kisha hupeleka mapendekezo yake Halmashauri. Huko wataalamu hukadiria gharama, kamati ya kudumu inayohusika hujadili, na hatimaye Baraza hupitisha bajeti. Kwa kawaida hatua hii hukamilika kabla ya Bunge la Bajeti kuanza mwezi Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai.

Tukiuzingatia mtiririko huu, tunaona kwamba wakati ni jambo la msingi. Kero isiyosemwa kwenye Mtaa mapema haiingii katika mapendekezo ya Kata. Isipoingia katika mapendekezo ya Kata, haitakuwa na mstari katika bajeti. Na jambo lisilo na mstari katika bajeti, hata Diwani mwema na Mkurugenzi mwadilifu watapata shida kulitekeleza. Mara nyingi litasubiri mwaka mwingine. Akina mama wale hawatakosa choo kwa sababu mtu aliwachukia. Watakikosa kwa sababu siku hoja ilipopaswa kusemwa, waliofika mkutanoni walikuwa wachache, na waliofika walikuja na hoja nyingine.

Hata hivyo, si kila jambo la mji liko mikononi mwa Baraza. Tangu mwaka 2017, barabara za mijini na vijijini husimamiwa na Wakala ujulikanao kama TARURA, na maji yana mamlaka zake. Madiwani huhoji, hushauri na kupendekeza vipaumbele, lakini fedha na mikataba ya kazi hizo haviko katika mafungu ya Halmashauri. Ni haki kumdai Diwani akusemee kuhusu barabara. Si haki kumhukumu kana kwamba funguo za greda anazo yeye.

Kanuni auni na funzo la historia yetu

Kanisa lina neno kuhusu mambo haya. Mwaka 1931, Papa Pio XI katika waraka wake Quadragesimo Anno alifafanua kile tunachokiita leo kanuni auni: lile ambalo jumuiya ndogo inaweza kulifanya kwa uwezo wake, jumuiya kubwa isilinyakue, bali iisaidie pale inapoelemewa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki imelirudia fundisho hili katika namba 1883. Mizizi yake tunaiona tangu kale. Katika Kitabu cha Kutoka sura ya 18, Yethro anamwona mkwewe Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, na anamshauri aweke viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, ili mashauri madogo yamalizwe karibu na watu wenyewe. Sifa anazozitaja Yethro ni uwezo, uchaji wa Mungu, ukweli na kuchukia rushwa.

Nchi yetu imejifunza kanuni hii kwa gharama. Mwaka 1972 Serikali za Mitaa zilivunjwa, na kazi zake zikahamishiwa kwa watendaji wa Serikali Kuu katika utaratibu ulioitwa Madaraka Mikoani. Huduma za mijini zilidorora kiasi kwamba mabaraza ya miji yalianza kurejeshwa mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikaurudisha mfumo mzima. Baadaye Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, aliyekuwa Rais wakati wa uamuzi ule, alikiri hadharani kwamba kuzivunja Serikali za Mitaa lilikuwa kosa. Mabaraza tunayoyaona leo kuwa ya kawaida yaliwahi kutoweka, na pengo lake lilionekana.

Jambo moja linapaswa kuongezwa. Sheria inaweza kurudisha chombo, lakini haiwezi kuwarudisha watu mkutanoni. Kanuni auni ina dada yake aitwaye ushiriki. Katekisimu, namba 1913 hadi 1915, inafundisha kwamba kila mtu, kwa nafasi yake, ana wajibu wa kushiriki katika kuendeleza ustawi wa wote. Mkutano wa Mtaa usio na watu ni madaraka yaliyoshushwa hadi mlangoni petu, nasi tukakataa kufungua.

Wajibu wa mwamini mlei

Kwanza, kuhudhuria. Katika mikutano ya Mtaa ndimo pia kaya maskini zinazopendekezwa kwa mpango wa TASAF hutajwa na kuthibitishwa mbele ya wakazi. Mjane asiye na msemaji anaweza kuachwa, na mwenye nguvu akaingizwa mahali pake, ikiwa wanaomfahamu hawapo. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasimulia kwamba wajane wa kundi moja walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakulipuuza lalamiko lile kuwa ni mambo ya tumbo. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema. Ugawaji wa haki kwa maskini ni sehemu ya historia ya Kanisa tangu siku zake za mwanzo.

Pili, kulipa kinachostahili na kudai stakabadhi. Katekisimu, namba 2240, inataja kulipa kodi na kutumia haki ya kupiga kura kuwa ni wajibu wa kimaadili. Mfanyabiashara anayekwepa ushuru anamnyima mtoto dawati. Vivyo hivyo, mkusanyaji anayepokea fedha bila kutoa risiti, au anayezitumia zikiwa “mbichi” kabla hazijafikishwa benki, anavunja Amri ya Saba, hata kama kiasi ni kidogo.

Tatu, kuzitumia kwa uaminifu fursa zilizopo. Sheria inazitaka Halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanachama wa WAWATA na VIWAWA wanaweza, pamoja na jirani zao wa imani nyingine, kuunda vikundi na kuomba. Lakini mkopo usio na riba si sadaka. Taarifa za Mkaguzi Mkuu zimeeleza mara kwa mara juu ya mikopo ya aina hii isiyorejeshwa. Kikundi kisichorejesha hakiidhulumu ofisi. Kinakidhulumu kikundi kingine cha maskini kilichokuwa kikisubiri zamu yake.

Nne, kusoma na kutoa maoni. Kabla sheria ndogo haijaidhinishwa na Waziri mwenye dhamana, wananchi hutangaziwa na kupewa nafasi ya kutoa maoni au pingamizi. Matangazo hayo hubandikwa kwenye mbao za ofisi za Halmashauri, Kata na Mtaa. Ni rahisi kuyapita bila kuyatazama, kisha tukashangaa siku mgambo watakapokuja kuitekeleza sheria hiyo.

Mipaka inayopaswa kuheshimiwa

Sheria za Kanisa, Kanuni namba 285, zinawakataza makleri kushika nyadhifa za umma zenye kushiriki katika mamlaka ya kiserikali. Ndiyo maana hutamkuta Paroko akigombea udiwani, wala mimbari si mahali pa kumnadi mgombea au chama. Kazi ya kuyatakatifuza malimwengu ni wito wa pekee wa walei. Padre hulisha dhamiri kwa Neno na Sakramenti. Mlei huipeleka dhamiri hiyo katika kikao cha Kamati ya Fedha.

Diwani Mkatoliki, kwa upande wake, si diwani wa Wakatoliki. Kata yake ina Waislamu, ndugu wa madhehebu mengine na wasio na dini. Wote ni wake kwa usawa. Parokia nayo isitarajie upendeleo. Inapojenga ukumbi hutakiwa kuwa na kibali cha ujenzi kama mkazi mwingine yeyote, na taka za sherehe zake hazina budi kutupwa mahali palipopangwa. Ushuhuda wetu hupoteza ladha tunapodai haki kwa sauti kubwa huku tukikwepa wajibu kimyakimya.

Wapendwa, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hukusanyika kila juma katika nyumba za waamini, ndani ya mitaa hiyohiyo yenye wenyeviti na watendaji. Hakuna kinachozuia, baada ya sala na tafakari ya Neno la Mungu, tangazo fupi kutolewa: mkutano wa Mtaa ni siku fulani, saa fulani, na agenda zake ni hizi. Kisha waamini waende, si kama kambi ya Wakatoliki, bali kama majirani wema, wakiwa wamejiandaa kusema juu ya choo cha soko, juu ya mjane asiyetajwa, juu ya zahanati isiyo na dawa. Waseme kwa heshima, wasikilize wengine, na waulize majibu katika mkutano unaofuata.

Mwenyezi Mungu awajalie viongozi wetu wa mitaa hekima na uadilifu, nasi atujalie moyo wa kushiriki.