Winga wa Bagamoyo na karatasi isiyo na muhuri

Wiki hii nawapeleka Bagamoyo. Hatuendi kwenye magofu ya Kaole wala kwenye mnada wa samaki. Tunakwenda kwenye uwanja wa shule moja ya sekondari, saa kumi jioni, jua limelegea lakini mchanga ungali wa moto.

Nilikwenda kumjulia hali mwalimu wa michezo ambaye tunafahamiana tangu ujana. Nikamkuta kwenye benchi, hana raha. Winga wake wa kushoto, kijana wa kidato cha tatu, miaka 16, alikuwa ameondoka majuma mawili nyuma. Bwana mmoja kutoka Dar es Salaam alimwona kwenye mashindano ya mkoa, akamnunulia viatu, akampa nauli, akamwahidi klabu. Mwalimu alizipata habari kutoka kwa wanafunzi wenzake.

"Bwana wee, tangu kidato cha kwanza namfundisha kutumia mguu wa kulia," akaniambia. "Hata kwaheri sikuipata."

Kijana wa Pwani kwenda Dar es Salaam kucheza kandanda si jambo la ajabu. Toka Bagamoyo mpaka Kariakoo ni kilometa zisizofika themanini, na klabu mbili kubwa za nchi hii zina makao yake huko. Mbwana Samatta naye alianzia Mbagala, akapitia African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, Genk mwaka 2016 na Aston Villa mwaka 2020. Nani asiyetaka mwanawe apite njia hiyo? Ninachouliza mimi ni namna kijana anavyochukuliwa, na aliyemlea anabaki na nini mkononi.

Wengi wetu tunadhani vipaji huokotwa mchangani tu, kwenye ndondo na chandimu. Kweli vingine huokotwa huko. Lakini soko kubwa la yosso ni UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ambayo huanzia shuleni, yakapanda kata, wilaya na mkoa mpaka taifa. Mwaka 2021 fainali zilikuwa Mtwara, mwaka 2022 Tabora. Hapo ndipo wanapokaa mabwana wenye daftari na simu mbili mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wizara ya Elimu iliyasimamisha mashindano hayo kwa hoja kwamba yanaharibu masomo, na darasa la mdogo wangu lilimaliza sekondari bila kuyaonja. Yakarejeshwa katika awamu ya nne. Mimi nilikuwa beki wa kulia, na wanaonikumbuka watasema kusimamishwa kungefaa kuanze na mimi.

Ziko shule zilizoonyesha kwamba kitabu na mpira vinaweza kukaa begi moja. Makongo ya Dar es Salaam, chini ya Kanali Idd Kipingu, ilivuma kwa kukusanya vijana wenye vipaji na kuwaweka darasani. Kanali huyo alipostaafu alianzisha shule hapa hapa Bagamoyo, Lord Baden Powell, akaendelea na kazi ile ile. Katika mpango huo kijana anasajiliwa kuingia shule. Winga wetu alisajiliwa kutoka shule.

Wenzetu wa Marekani wameifanya habari hii kuwa kazi rasmi. Kocha wa timu ya chuo kikuu cha jimbo huanza kwa kuzunguka sekondari za jimbo lake mwenyewe, maana wazazi wa pale wanakijua chuo, na ada kwa wakazi wa jimbo ni nafuu. Anakwenda nyumbani, anakaa na baba na mama, anaeleza atamlipia kijana nini. Kuna kanuni zinazosema ni lini aruhusiwe kupiga hodi. Kijana akikubali, anakwenda kusoma. Mtanzania Hasheem Thabeet, ingawa alitoka mbali na mchezo wake ni kikapu, alipita chuoni Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa pili katika NBA mwaka 2009. Sisemi Wamarekani ni malaika. Fedha huko ni nyingi, na ugomvi wake ni mkubwa vile vile. Ninachosema ni kwamba mzazi huwa anajua nani amekaa kwenye kiti chake.

Jioni ile mwalimu alinipeleka kwa mama wa kijana, ambaye anauza vitumbua. Baada ya shikamoo na marahaba aliingia ndani, akatoka na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. "Nisomee, mwanangu. Nilitia dole gumba tu."

Nikasoma. Mkataba wa miaka mitano. Klabu haikutajwa, muhuri haupo, na chini kulikuwa na saini ya bwana yule. Sasa, kanuni za FIFA zinasema mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa kwa mkataba wa kulipwa unaozidi miaka 3. Tena mkataba wa mchezaji hufungwa na klabu. Mama alikuwa ametia dole kwenye karatasi ya mtu binafsi. Tukampigia kijana simu. Alikuwa Dar es Salaam, chumba kimoja vijana sita, anafanya mazoezi na timu ambayo haijamsajili.

Nikamgeukia mwalimu, nikamweleza jambo ambalo walimu wengi wa michezo hawajalisikia. Mchezaji wa kulipwa akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka wake wa 12 hadi wa 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 huleta robo ya asilimia moja, na kila msimu wa 16 hadi 23 huleta nusu ya asilimia. Tuseme kijana ameuzwa dola 1,000,000. Klabu iliyokuwa naye akiwa na miaka 14, 15, 16 na 17 itapata dola 15,000. Hizo ni jezi, mipira, na choo kipya cha shule. Na akiuzwa tena kwa masharti hayo hayo, mgawo unarudi tena.

Mwalimu akasimama. "Shule yangu nayo?"

Hapo ndipo penye uchungu. Mgawo huo ni wa klabu, na ushahidi wake ni usajili wa kijana katika kumbukumbu za shirikisho la nchi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya malipo hayo, inayofuatilia mchezaji alisajiliwa wapi na lini. Jina lililoandikwa kwenye orodha ya UMISSETA halihesabiki. Shule inayotaka haki hiyo lazima iwe na klabu iliyosajiliwa, ipite chama cha soka cha wilaya na COREFA ya mkoa wa Pwani mpaka TFF, na kila kijana awe na cheti cha kuzaliwa na kadi yake. Miaka iliyopita bila kadi imepotea.

Mama alikuwa kimya muda wote huo. Kisha akauliza swali lake moja: shule itampokea tena? Nikamwambia Serikali ilitangaza Novemba 2021 kwamba wanafunzi walioacha masomo wanaweza kurudi katika mfumo rasmi. Mwalimu akasema dawati lipo, na namba 11 haijapewa mtu.

Kijana alisema atafikiri. Mpaka nazungumza nanyi hajarudi.

Siku ya pili asubuhi, kabla sijapanda basi, nilipita uwanjani. Mwalimu alikuwa amewapanga mstari vijana wa kidato cha kwanza, daftari jipya mkononi, anawauliza mmoja mmoja amezaliwa lini. Nusu yao hawakujua tarehe. Wakarudishwa nyumbani kufuata kadi za kliniki.