Tijara ya Miche ya Mapambo na Thamani ya Kuipatanisha

Kandokando ya barabara kuu za Dar es Salaam, hususan ile iendayo Bagamoyo, na vivyo hivyo katika viunga vya Mombasa na Nairobi, vimetanda vitalu vya maua ambavyo aghalabu havina duka wala bango, bali vimekaa juu ya hifadhi ya barabara kwa hisani ya wakati, miche yake ikinyweshwa kwa ndoo na madumu, na wenyewe wakijua fika kwamba siku barabara itakapopanuliwa, rasilmali yao yote itabidi ihame kwa mkokoteni.

Kinachouzwa hapo, ukitazama kwa nadhari, ni muda. Kipandikizi cha bogenvilia hukatwa bure kutoka kwa mti mama, kikachomekwa katika kiriba cha udongo uliochanganywa na samadi, na haipiti miezi mingi kabla ya kufaa kuuzwa. Ilhali mnazi wa mapambo uliooteshwa kwa mbegu hukaa kitaluni miaka, ukinywa maji na kushika nafasi, ndiyo maana bei yake humshtua mnunuzi. Waama, kwa kuwa wauzaji wengi hawana mtaji wa kungoja, wote hujaza bogenvilia na krotoni, kisha hugombania mteja mmoja kwa kupunguza bei hadi faida ikayeyuka.

Lakini iko bidhaa nyingine ambayo wengi wao huitoa bure, nayo ni ilimu ya mche upi ukae na upi. Mteja wa kawaida hununua kwa macho: huona krotoni yenye manjano na wekundu, bogenvilia ya zambarau na kangaga laini, akavichukua vyote na kuvipanda katika tuta moja, vinywe maji sawasawa. Bogenvilia, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, ikinyweshwa kila siku hunawiri majani na kuadimika maua, kwani huchanua vyema baada ya kuonja kiu (na hiyo rangi tunayoisifu si ya ua, bali ni ya majani yanayolizunguka ua dogo jeupe). Kangaga nayo, ikikosa maji siku chache, husinyaa. Krotoni ikitiwa kivulini mwa mwembe hurudia ukijani, mnunuzi akadhani ameghushiwa, na hali mahali pale palistahili masale, yale yale ambayo Wachaga huyapanda mipakani mwa vihamba vyao, yenye kustahimili kivuli bila ya manung'uniko. Mkrismasi, uliotoka Bukini, ni fahari ya macho ukichanua, ila mizizi yake hutambaa juujuu, ikainyima chakula miche iliyo chini yake na kuinua sakafu ya ua. Mwenye kiwanja kidogo auache.

Ajabu ni kwamba watu wa pwani walikwisha kuijua biashara ya mpatanisho tangu zamani. Muuza kikuba hauzi asumini peke yake. Huifunga pamoja na rehani na mkadi, na kilua kikipatikana, harufu moja ikaibeba nyingine, na thamani ya fungu ikazidi jumla ya maua yake. Bustani ya Kiswahili ingeweza kuuzwa kwa mtindo huo: mlangilangi na mwasumini vikapandwa upande unakotoka upepo wa jioni, ili uingize manukato barazani badala ya kuyapeleka kwa jirani. Sijaona kitalu kinachotangaza jambo hilo, ijapokuwa miche yenyewe ni rahisi kupatikana.

Tumewahi kuwaachia wengine faida ya namna hii. Ua dogo la zambarau la milima ya Usambara lilipelekwa Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo ni miongoni mwa maua ya chungu yanayouzwa sana Ulaya na Marekani, na masale yetu nayo hupamba ofisi za huko.

Kwa rai yangu, muuzaji angetoza ada ya kupanga bustani mbali na bei ya miche, kisha akaahidi kurudi baada ya masika kubadilisha iliyokufa. Gharama ya ahadi hiyo ni ndogo kwa anayejua anachopanda, na kubwa mno kwa asiyejua.