Kipepeo Apendaye Matunda Yaliyooza

Ndugu mkulima, ikiwa shamba lako liko karibu na msitu, bila shaka umepata kumwona kipepeo mkubwa, mwepesi wa kuruka, akitua juu ya embe au ndizi iliyoanguka na kuoza. Wataalamu humwita Charaxes. Je, ni adui wa shamba lako?

La, si adui. Kipepeo huyu hashughuliki na maua. Hunywa maji ya matunda yaliyooza, utomvu wa miti, hata mavi ya wanyama. Mrija wa mdomo wake hauwezi kutoboa tunda zima. Wenye kutoboa matunda ni nondo fulani wa usiku, na anayetaga mayai ndani ya embe ni inzi wa matunda. Basi, zika matunda yaliyoanguka, uyafukie sana, ili funza wa inzi huyo wafe.

Kiwavi wa Charaxes ni wa kijani, mwenye pembe kichwani. Hula majani ya miti maalum tu. Miti hiyo ikikatwa yote, kipepeo hutoweka.

Tena vipepeo ni mali. Kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, tangu mwaka 1993, wakulima walianza kulea viwavi na kuuza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga katika ganda, kwa maonyesho ya ng'ambo. Walipata fedha kwa sababu msitu ulikuwapo. Mkulima, fikiri kwanza kabla ya kuinua shoka.