Mkono wa Msasa Si Maradhi

Msasa ni mti. Kijana wa leo akilisikia neno hilo huwaza karatasi ya dukani ya kulainishia mbao, lakini mafundi wa zamani walichuma majani ya mti huo, yanayokwaruza kama ulimi wa paka, wakasugulia kazi zao. Karatasi ilirithi jina. Nami nilipokuwa mtoto wa chuoni, juzuu mkononi, wenzangu walinipa jina hilo hilo: Mkono-msasa. Sababu ni vipele vidogo vidogo vilivyonijaa nyuma ya mikono, tangu begani hadi karibu na kiwiko. Havikuwasha, havikuuma, havikutoa usaha. Vilinitia haya tu, na kanzu ya mikono mirefu ikawa sitara yangu.

Nilikwisha kuyasahau hayo hadi mwaka jana, mpwa wangu alipobakiwa na wiki 3 aolewe. Dada yangu alinijia asubuhi, hata chai hakuigusa.

"Kaka, njoo uzungumze na mwanao. Amejifungia chumbani. Hataki kusingwa."

Msomaji wa bara huenda asiujue uzito wa neno hilo. Kusingwa ni kusuguliwa mwili kwa singo, yaani vitu vya harufu nzuri vilivyosagwa pamoja na kulowekwa kwa marashi. Bi harusi huketi mbele ya somo wake na wanawake wa jamaa, mikono wazi. Binti yetu aliona haya mikono yake ionekane. Kumbe alikuwa amekwisha kuisugua kwa jiwe la kusugulia miguu mpaka ikachubuka, na palipopona pakaacha madoa meusi. Tena alikuwa na kikopo cha krimu kisicho na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo, alichoambiwa kitamwondolea vipele na kumfanya mweupe kwa siku 7.

"Mjomba," aliniambia, machozi yakimlengalenga, "watasema nina upele."

Nilipandisha mkono wa kanzu nikamwonyesha wangu. Umri umevipunguza vipele, haukuvimaliza. Aliutazama, akautazama wake. "Kumbe wewe ndiwe uliyenirithisha!" Akacheka, mara ya kwanza siku ile.

Tulikwenda kwa daktari wa ngozi, yeye, mama yake na mimi. Maelezo aliyotupa yafaa kila nyumba iyajue. Ngozi ina vitundu ambamo nywele hutokea, hata zile laika nyembamba. Keratini, kitu kile kile kinachofanya kucha na nywele, hurundikana mlangoni mwa kitundu ikawa kizibo kigumu. Kila kizibo ni kipele kimoja. Madaktari huita hali hii keratosisi pilarisi. Huonekana nyuma ya mikono, mapajani na matakoni, na kwa watoto hata mashavuni. Hurithiwa katika ukoo, na huwapata zaidi wenye ngozi kavu na wenye pumu ya ngozi. Nusu ya vijana au zaidi wanayo, na wengi huwapungukia wakiingia utu uzima.

Upele ni jambo lingine kabisa. Huo huletwa na mdudu mdogo achimbaye ngozini, huwasha hasa usiku, na huambukiza. Mkono wa msasa hauambukizi, wala si dalili ya uchafu. Anayezidisha kusugua akidhani anajisafisha hujiumiza bure; na ngozi zetu nyeusi zikichubuka huacha alama inayokaa miezi mingi kuliko kipele chenyewe.

Dawa ya kung'oa vipele hivi kabisa hakuna, bali kuna ya kuvilainisha. Koga kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, wala usikawie majini. Tumia sabuni laini isiyo na manukato makali. Jifute kwa kubonyeza taulo, usijiparuze, na upake mafuta mwili ungali na unyevu. Kwa vipele vigumu, iko krimu yenye yurea, kiasi cha asilimia 10 hadi 20, au yenye asidi ya laktiki au ya salisiliki. Hizo hulegeza kizibo polepole. Zisipakwe penye kidonda, na mwenye mimba au mtoto mdogo amwulize daktari kwanza. Ukiacha kupaka, vipele hurudi. Kwenye baridi kavu, kama ile ya Nairobi mwezi wa Julai, huzidi.

"Wiki 3 zitatosha?" aliuliza binti.

"Kulainika, ndiyo," alijibu daktari. "Kutoweka, la."

Kisha akakitazama kile kikopo. Alisema krimu za namna hiyo huweza kuwa na zebaki, ambayo hupenya ngozini na kudhuru figo, au dawa kali za steroidi ambazo hukondesha ngozi zikitumiwa ovyo. Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini nchini Japani mwaka 2013, unakataza vipodozi vilivyotiwa zebaki. Hata hivyo bado vinauzwa vichochoroni. Kikopo tulikiacha pale pale kwake.

Dada yangu alimweleza somo mambo yote. Mama yule, aliyesinga mabibi harusi wasio idadi, alishangaa kwamba hilo limemliza mtu. Mikono ya namna hiyo, alisema, huiona kila mwaka, ila kila mwali hudhani ni yeye peke yake. Singo haikupita penye michubuko. Hapo alipakwa mafuta tu.

Hilo ndilo lililonikaa moyoni. Miaka yote nimefunika mkono wangu, na mtoto wa dada yangu akakua akidhani kasoro ile ni yake peke yake. Lau ningalimwonyesha mapema, jiwe lisingalimgusa.

Msomaji, ukiwa na vipele vinavyouma, kuwasha sana, kutoa usaha au kuenea upesi, mwone daktari; hivyo si hivi ninavyovisema. Vikiwa ni hivi, paka mafuta, uwe na subira. Binti yetu aliketi siku ya kupamba kwa gauni la mikono mifupi, hina imempanda hadi kiwikoni. Vipele vilikuwapo. Sikusikia aliyevitaja.