Kipeo, Upeo na Kilele: Utata wa Istilahi katika Hisabati

Miongoni mwa istilahi za Hisabati zinazowatatiza wafasiri na walimu ni neno kipeo. Katika shule za msingi, ambako Hisabati hufundishwa kwa Kiswahili, neno hili lina kazi yake maalumu: katika 5², kipeo ni 2. Hata hivyo, katika matumizi ya kawaida kipeo ni pia mwisho wa juu wa jambo. Hivyo mwalimu wa sekondari, anapofafanua kwa Kiswahili somo aliloliandika ubaoni kwa Kiingereza, huona ni wepesi kusema: "Tafuteni kipeo cha fanksheni hii."

Na tutazame yanayofuata. Mkulima wa Matai, katika nyanda za juu za Ufipa, ana wavu wa mita 40. Anataka kuzungushia bustani ya maharage yenye umbo la mstatili, iliyoegemea ukuta. Upande wa ukuta hauhitaji wavu. Pande mbili zinazotoka ukutani zikiwa na urefu wa mita x kila mmoja, upande wa tatu utakuwa 40 − 2x, na eneo litakuwa:

y = 40x − 2x²

Tukikamilisha mraba tunapata:

y = 200 − 2(x − 10)²

Namba yoyote ikizidishwa kwa yenyewe haiwi chini ya sifuri. Kwa hiyo kinachotolewa katika 200 hakiwezi kuiongeza, na y hufikia 200 pale tu x inapokuwa 10. Bustani itakuwa na pande za mita 10 na 20, na eneo la mita za mraba 200.

Sasa, kipeo ni kipi? Mwanafunzi atakayejibu 2 atakuwa ameshika alichofundishwa shule ya msingi. Wa pili atajibu 10, wa tatu 200, na kila mmoja atakuwa na hoja. Kosa si lao.

Rai yetu ni kwamba kipeo kibaki na kazi yake ya kwanza. Upeo nalo linafanana nalo mno masikioni. Nukta (10, 200) kwenye mchoro iitwe kilele, kwani aliyepanda Milima ya Mbizi karibu na Sumbawanga anajua kuwa kilele ni mahali, na kimo chake ni jambo jingine. Hiyo 200 iitwe thamani kubwa kabisa. Ni maneno matatu, lakini hayamdanganyi mtu.

Tunakiri kwamba kilele kina upungufu. Mkunjo ukielekea juu kama bakuli, kuiita sehemu yake ya chini kilele kutawachekesha wanafunzi. Hapo tunapendekeza nukta ya kugeukia, istilahi inayofaa mikunjo yote miwili, pamoja na thamani ndogo kabisa. Walimu wenye neno fupi zaidi, lililokwisha kujaribiwa darasani, watuletee.