Paipu za breki za Land Rover kuukuu

Wiki hii, ndugu msikilizaji, nazungumza na wewe mwenye Land Rover ya miaka ya sabini, unayepanda mlima wa Bugando hapa Nyamagana na kuushuka. Kushuka ndiko kwenye kazi. Nyingi za gari hizo zina njia moja tu ya mafuta ya breki: paipu moja ikipasuka, unabaki na handibreki na dua.

Paipu za chuma huliwa na kutu, nje kwa tope, ndani kwa sababu mafuta ya breki hunyonya unyevu. Kuagiza seti nzima kutoka Uingereza ni gharama. Basi fundi atakwambia, "Mzee, tuweke shaba ya friji." Mimi naikataa. Shaba tupu hukakamaa kwa mtikisiko wa barabara, kisha hufanya ufa pale penye nati, bila taarifa.

Tafuta paipu ya breki ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ya inchi 3/16. Haishiki kutu, nayo hupindwa kwa mkono. Pima ya zamani kwa kamba kwanza, ununue urefu unaokutosha. Nati zako zikiwa nzima, zirudishe; za Toyota ni za milimita, zikilazimishwa zinaharibu hesi. Mdomo wa paipu ukunjwe kama ule wa zamani. Mipira ya kwenye magurudumu, hiyo nunua mipya hata kwa kukopa.

Fundi akishatoa upepo, kanyaga pedeli kwa nguvu gari likiwa limesimama, naye alale chini aangalie kila kiungo.