Kamiyo za Kopo na Waya

Safari hii ukurasa wa familia unazungumzia kitu ambacho karibu kila nyumba inacho, na wengi wetu tunakiruka tu mlangoni asubuhi tukienda kuchota maji: gari la mtoto. Hatusemi lile la plastiki la dukani. Tunasema lile aliloliunda mwenyewe kwa kopo, waya na kandambili iliyokatika, au sapatu kama wanavyoita hapa Uganda.

Tumeamua kuandika habari hii kwa sababu kila siku ya usafi wa bloki magari haya yanakwenda jalalani, mengine motoni kabisa, na vilio tunavyosikia jioni si vya mchezo. Mama anasema, "Ni takataka, yananikatia miguu." Mtoto anasema, "Ni kamiyo yangu, nimeiunda wiki mbili." Wote wawili wana haki. Lakini kabla hujatupa, mzazi mwenzetu, kaa chini uliangalie hilo gari vizuri.

Sisi tuliopitia Bwera tunajua watoto wanaiga nini. Pale Mpondwe ni mlango. Ng'ambo ya mto Lubiriha ni Kasindi, halafu Beni, halafu Butembo. Upande huu barabara inatoka mpakani, inapita Bwera, inakwenda kuungana na ile ya Kasese pale Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta. Kutoka Kasese mpaka mpakani ni kilometa 50 na ushei tu, lakini ni barabara isiyolala. Saruji ya Hima inapita hapo, chumvi ya Katwe inapita hapo, mbao na kahawa za Kongo zinashuka, matanki na matrela yaliyotoka hadi Mombasa yanapanda. Yakifika mpakani yanasimama kungojea karatasi za forodha, wakati mwingine siku nzima. Basi mtoto anayekaa kando ya barabara hiyo anayachunguza bure: anahesabu ekseli, anaangalia turubai linavyofungwa, anaijua Fuso kwa uso wake kabla hujasoma jina. (Reli nayo ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, lakini treni zimeacha kufika miaka mingi. Ndiyo maana hatujaona mtoto anayeunda treni.)

Sasa tuingie karakana.

Mafundi wadogo wazoefu wanaanza na gurudumu, si na bodi. Tuliona ajabu mwanzoni, kumbe ni hesabu. Bodi unaweza kuikata utakavyo, lakini kizibo cha soda kina upana wake, kama sentimita 3, hukiongezi. Gurudumu la lori la kweli lina kimo cha mita 1 hivi. Maana yake gari lako limekuwa dogo kuliko la kweli mara 33. Lori la mita 8 litoke basi na sentimita 24. Ukikata gurudumu la sentimita 4 kutoka kwenye kandambili, hesabu inabadilika: mara 25, na lori hilo hilo linataka sentimita 32. Watoto wengi hawafanyi hesabu hii kwa kalamu, wanaifanya kwa jicho. "Hili limekaa kama chura," wanamcheka mwenzao aliyeweka magurudumu makubwa kwenye bodi fupi. Mwalimu wa hesabu anayehangaika na somo la uwiano aombe gari moja la mwanafunzi, aliweke mezani. Somo litajifundisha.

Kandambili inachorwa duara kwa mdomo wa kopo dogo, inakatwa kwa wembe, inatobolewa kwa msumari uliopashwa moto. Ekseli ni spoki ya baiskeli. Gurudumu lisichomoke, kati yake na ncha ya spoki iliyokunjwa inawekwa washa ya plastiki iliyokatwa kwenye kidumu kibovu. Springi ni vipande vya ule mkanda mgumu unaofungia mabali ya mitumba, vimepangwa virefu juu, vifupi chini, kama springi ya lori lenyewe. Ukiliwekea jiwe, linabonyea kidogo halafu linarudi. Tumejaribu wenyewe, linarudi kweli.

Kazi ngumu ni usukani. Ekseli ya mbele haifungwi imara kwenye chasi. Inashikwa katikati na waya mmoja mnene ili iweze kugeuka. Waya huo unapanda kupitia kabini, unafungwa kwenye fimbo ndefu ya mwanzi inayofika kifuani kwa mtoto, na juu kabisa unakunjwa duara. Mtoto anasukuma huku amesimama wima, akizungusha duara lile magurudumu ya mbele yanafuata. Aliyeweza kulifanya hilo bila kufundishwa na mtu mzima ameshaelewa kitu ambacho wengine tunakitumia kila siku bila kukielewa.

Bodi ni bati la kopo. Zamani ilikuwa yale makopo ya mafuta ya msaada yaliyoandikwa USA ubavuni, na wakubwa kati yetu wanakumbuka magari yote ya kambi yalivyokuwa na herufi hizo hizo mlangoni. Siku hizi ni kopo lolote linalopatikana: la maziwa, la rangi, la dawa ya wadudu. Hilo la mwisho hapana! Hata likioshwa mara kumi, hapana.

Halafu inakuja sehemu watoto wanayoipenda kuliko zote, kurembesha. Hapo kila mmoja na akili yake. Vipande vya tyubu vinaning'inizwa nyuma kuzuia tope. Turubai linatoka kwenye plastiki ya paa la zamani. Taa ni vifuniko vya dawa ya meno. Namba inaanza na herufi U kama gari ni la Uganda. Juu ya kioo linaandikwa jina, maana lori lisilo na neno usoni halijakamilika. Madereva wenyewe ndiyo desturi yao. Tumesoma "Mungu Mkubwa", tumesoma "Butembo Direct", tumesoma "Usinisukume", na moja limeandikwa tu "Mama".

Ubishi mkubwa ni usukani ukae upande gani. Uganda magari yanapita kushoto, Kongo yanapita kulia, kwa hiyo pale Mpondwe dereva anabadili upande akivuka. Ungedhani basi gari la Kongo usukani wake uko kushoto. Lakini magari mengi ya mashariki ya Kongo yameingia kupitia Afrika Mashariki na usukani wao uko kulia. Kwa hiyo vijana wanaobishana saa nzima chini ya mti, wote wanasema kweli.

Msidhani ni mchezo wa maskini peke yao. Kule Malawi magari ya waya yanaitwa galimoto, na mwaka 1990 kilitoka kitabu cha watoto chenye jina hilo hilo. Uingereza, fundi mmoja aitwaye Jack Odell alimtengenezea binti yake kigari kidogo kwa sababu shuleni kwao watoto waliruhusiwa kuleta mchezo unaoenea ndani ya kiberiti tu. Kutoka hapo yakazaliwa magari ya Matchbox, mwaka 1953, yakauzwa dunia nzima. Ukubwa wake haukufuata kipimo kimoja, ulifuata boksi, kama wa kwetu unavyofuata kizibo. Marekani nako, kampuni ya AMT ilianza mwaka 1958 kuuza gari la vipande ambalo mtu aliweza kuliunda kwa namna tatu: kama lilivyotoka kiwandani, lililorembwa, au la mashindano. Wazee wazima wanakaa nalo mezani usiku mpaka leo, wanapaka rangi kwa brashi ya nywele chache. Hakuna anayewaambia ni takataka.

Tulitembelea nyumba kadhaa kuangalia magari haya, na kuna moja hatutalisahau. Mtoto wa miaka 9 au 10, jina tunaliacha, ameunda Fuso yenye bodi ya mbao. Juu amepakia magodoro ya vipande vya sponji, sufuria za vizibo, na watu wa udongo wamebanana. Chini ya turubai kuna mtu mmoja wa udongo amelazwa peke yake. Tukamwuliza huyo ni nani. Akasema, "Huyo ni bibi. Alikuwa anaumwa." Mama yake aliyekuwa anapeta mchele akasimamisha ungo. Miaka yote alidhani mtoto alilala safari nzima, maana alikuwa mdogo, amefungwa mgongoni. Hakusema kitu mbele yetu. Tulipoondoka alikuwa amekaa chini karibu na lile gari, na mtoto anamwonyesha nani alikaa wapi.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Mtoto akipakia magodoro juu ya lori lake, usimwambie ayatoe apakie saruji. Usimhoji pia kama polisi. Uliza tu, "Huyu nani?" halafu ngoja. Akinyamaza, na wewe nyamaza.

Wasichana nao wapo, ingawa baba wengine wanawafukuza kwenye waya eti si kazi yao. Bodi nadhifu kuliko zote tulizoziona, kona zimekunjwa bila pengo, ni ya msichana anayeshona mikeka na mama yake. Mkono umeshazoea.

Hatusemi kila mtoto wa waya atakuwa injinia. Lakini Uganda hii hii, mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa gari la umeme la viti viwili, Kiira EV, na mwaka 2016 likaja basi la Kayoola. Na hata tusifike mbali: fundi wa kuchomelea, fundi baiskeli, mpiga bati, wote wanatafuta kijana ambaye mkono wake unajua chuma kinakunjwa wapi.

Mama wa miguu iliyokatika naye tusimsahau. Bati likatwe na mkubwa, na kila ukingo ukunjwe ndani na kugongwa kwa jiwe kabla gari halijaingia nyumbani. Aliyejikata aoshwe kwa maji na sabuni, apelekwe zahanati akaulizwe kuhusu sindano ya pepopunda. Waya wa tairi ni mzuri, lakini msiwaache watoto wachome tairi ili waupate, moshi ule ni sumu. Betri za tochi zisipasuliwe kutafuta rangi nyeusi. Mkaa uliosagwa unatosha. Na magari haya yaendeshwe uwanjani, si kando ya barabara kubwa. Dereva wa trela hamwoni mtoto aliyeinamia gurudumu lake.

Gari lipewe pahali pake: boksi chini ya kitanda, au msumari ukutani, linaning'inia vizuri kwa fimbo yake. Anayetafuta tyubu mbovu apite kwa mafundi baiskeli jioni wanapofunga. Wengi wanatoa bure, mradi mtoto asiguse zile zinazosubiri kiraka.